Mkwe Aliyekaa Nje ya Dirisha

Sifa na shukrani ni zako, Mungu uliyeumba ziwa na nchi kavu, uliyenipa miaka mingi kuliko nguvu zangu, na ukaniachia akili ya kukumbuka nilichokiona. Wewe ni hakimu usiyehitaji shahidi. Sisi tuliowekwa kuwapima wenzetu hapa chini tunahitaji mashahidi, tunahitaji na subira, na hata tukivipata vyote viwili bado tunakuomba utuangalie. Nakushukuru kwa kesi ninayotaka kuisimulia, maana uliniketisha mahali pa kuiona vizuri.

Nilizaliwa katika vijiji vya ufukweni upande wa Musoma, kule ambako ukitupa jiwe kaskazini linaanguka majini, na ukitupa kusini linaanguka majini. Niliolewa Butiama kwa watu wa ng'ombe na mihogo. Nilisoma chuo cha Biblia nikiwa tayari mama wa watoto, nikafundisha mafundisho ya ubatizo mpaka miguu ilipochoka. Nilipodhani sasa kazi yangu ni kuanika dagaa na kuwasubiri wajukuu, jina langu likapelekwa mahakamani, nikawa mzee wa baraza.

Kwa asiyejua, mahakama ya mwanzo si kama zile kubwa za mjini. Hakimu haketi peke yake. Anaketi na wazee wa baraza wawili, mmoja kila upande, nao wanasikiliza kesi yote kama yeye, wanauliza maswali, na mwishoni kila mmoja anatoa sauti yake: ana hatia au hana, na kama anayo, apewe nini. Tukitofautiana, wengi wape. Upande wa kushoto wa hakimu alikaa mzee mwenzangu, mfugaji wa zamani mwenye fimbo iliyong'aa kwa mkono wake. Upande wa kulia nilikaa mimi na mkoba wangu wa kanisani.

Hakimu wetu ni binti wa Pwani, umri wake sawa na mjukuu wangu wa kwanza. Alipofika mara ya kwanza alijifunika sweta hadi saa nne asubuhi, akalalamika kwamba Butiama kuna baridi. Alikuwa akitucheka tuliposema "huwa tunaendaga". Haikupita miaka mingi akawa anasemaga mwenyewe, nasi tukamcheka yeye.

Watu wengi hudhani adhabu ya wizi imeandikwa mahali kama bei ya sukari dukani. Sokoni walikuwa wakinishika mkono wakiniuliza mwizi wa kuku anapata nini, na wa baiskeli je, kana kwamba nami nauza. Niliwajibu kwamba sheria inaweka ukingo wa juu. Kwa makosa mengine, kama wizi wa ng'ombe, inaweka na ukingo wa chini ambao hakimu hawezi kushuka hata akilia machozi. Katikati ya kingo hizo ndimo tunamotembea, na humo ndimo kazi ilipo. Nguo iliyonyakuliwa kambani mchana si sawa na mlango uliovunjwa usiku. Mlango wa duka tupu si sawa na mlango wa nyumba ambamo watoto wamelala. Nakumbuka mwenye duka mmoja wa Nyamuswa aliyekuja kushuhudia kesi ya jirani yake, akatusimulia jinsi naye alivyoibiwa na mtu aliyemkabidhi funguo. Hakulilia mali. Alizililia funguo. Hakimu akatuambia baadaye kwamba sheria nayo inazililia, mtu aliyeaminiwa akiiba kosa lake linakuwa zito zaidi.

Basi ikaja kesi ya duka la taa.

Mwenye duka hili alikuwa mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara, naye asili yake Nyamuswa, aliyefungua duka la vifaa vya sola hapa Butiama karibu na stendi. Wateja wake wakubwa walikuwa wavuvi wa dagaa, wanaotumia taa za sola na betri kuvutia dagaa usiku. Alfajiri moja alikuta kufuli limekatwa, mlango umeng'olewa kwa mtaimbo, rafu za taa ziko wazi. Hakuna aliyekuwa amelala ndani. Siku chache baadaye mtu akakamatwa sokoni Bunda akiuza betri. Chini ya betri palikuwa na alama ya rangi nyekundu ya kucha, na mama yule akasema kila betri inayoingia dukani kwake anaitia alama hiyo kwa mkono wake.

Mshtakiwa alikuwa mtu mzima, ana mke, fundi wa mitumbwi kutoka vijiji vile vile vya ufukweni nilikozaliwa mimi. Aliposomewa shtaka mara ya kwanza alisema si kweli. Hilo ni haki yake, hakuna anayeongezewa adhabu kwa kukana. Ila anayekiri mapema hupunguziwa, kwa sababu ameuondolea kila mtu safari na gharama, na kwa sababu kukiri ni mwanzo wa kutengenea. Yeye alikuwa ameipita nafasi hiyo.

Siku ya ushahidi likatokea jambo lililotushangaza. Mama mwenye duka alipoingia, fundi aligeuka ndani ya kizimba akaelekea ukutani, akatugeuzia mgongo. Karani akamwambia ageuke. Akageuka nusu, akainamisha kichwa, akabaki hivyo kama mbuzi kwenye mvua. Mama naye akatoa ushahidi wake akiwa amejifunika khanga kutoka kichwani hadi kidevuni, uso ameuelekeza dirishani. Maneno yake yalikuwa yamenyooka, lakini shingo haikugeuka upande wa kizimba hata mara moja. Fundi alipoulizwa kama ana swali kwa shahidi, akatikisa kichwa. Alipopewa nafasi ya kujitetea, mama alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, na fundi hakufungua mdomo.

Tulimkuta na hatia, sote watatu, wala haikuwa kazi. Betri ilikuwa mkononi mwake na alama ilikuwa chini yake. Ndipo hakimu akamuuliza lile swali ambalo kila mwenye hatia huulizwa kabla ya adhabu: ana neno lolote ambalo mahakama ilitazame? Hapo ndipo watu husema habari za wazazi wagonjwa na watoto wachanga, wengine wakweli, wengine watoto wamewaazima. Fundi hakusema neno. Mgongo tu.

Tukaingia chumba cha hakimu. Mzee mwenzangu hakungoja kuulizwa.

"Huyu ni jeuri," alisema. "Apelekwe ndani mpaka mwisho wa uwezo wetu, na kama kuna mahakama yenye uwezo zaidi, aongezewe huko."

Nikasema kwamba ni kosa lake la kwanza kwa tunavyojua, na duka halikuwa na mtu.

"Wewe mama wa kanisa," akaniambia, "ungepewa funguo za gereza hata panya wangetoka."

"Na wewe ungepewa, hata mimi ningekuwa ndani."

Hakimu alicheka kidogo. Akatuambia mambo mawili yanamlemea. La kwanza, mtu huyu haonyeshi kujuta hata chembe, na majuto ni kitu kinachotazamwa. La pili, yule mama anaonekana kujawa na hofu. Kama ametishwa na mshtakiwa au watu wake, basi kosa ni baya kuliko tulivyolisikia, na kumwacha nje ni kumhatarisha. Aliona mizani imeinamia kifungo, na muda mrefu. Nilikuwa nimewaona wote wawili kwa macho yangu, na nilichokiona kilifanana na alichosema.

Lakini hakimu hakuandika. Aliizungusha kalamu, akasema mtu asihukumiwe kwa alivyosimama kabla hajaulizwa kwa nini amesimama hivyo. Mpaka leo nikikumbuka kauli hiyo najisikia kama mwalimu anayemwona mwanafunzi akijibu swali ambalo hajafundishwa. Wala si mimi niliyemfundisha. Ila alikuwa wetu, na fahari haiulizi risiti.

Tukarudi ukumbini. Hakimu akamwita mama mwenye duka, akamwambia mahakama inataka kujua wizi huu umemwumiza vipi. Mama akasimama palepale mlangoni, khanga usoni, anatazama nje. Akasema wavuvi walikuwa wameagiza taa zile kwa ajili ya giza la mwezi, dagaa wanapofuata taa, wakazikosa, wakaenda kununua Musoma, na wengine hawajarudi. Akasema sasa usiku akisikia mbwa tu, anaamka.

Hakimu akaishusha sauti. "Mama, huyu mtu amekutisha? Unamwogopa?"

"Simwogopi, Mheshimiwa. Namheshimu."

Ukumbi ukacheka. Mtu wa nyuma akasema kumbe wizi siku hizi ni cheo. Karani akagonga meza.

"Unamheshimu mtu aliyevunja duka lako?"

"Aliyevunja duka simheshimu, huyo mfungeni," mama akajibu. "Ninayemheshimu ni mkwe."

Kicheko kilikatika. Mzee mwenzangu alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Fundi kule kizimbani aliinama zaidi.

Mama akaeleza, bado anatazama nje. Mke wa fundi ni mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Binti huyo alipoolewa, yeye alikuwa anafanya biashara mbali, harusi hakuiona, na mkwe hakuwahi kumtia machoni. Fundi naye alijua mke wake ana mama mdogo mfanyabiashara mahali fulani, basi. Baada ya kukamatwa, dada yake alipiga simu kutoka Musoma akilia kwamba mkwe wake amewekwa ndani kwa kuvunja duka Butiama. Mama akamuuliza duka gani, na dada alipomaliza kueleza, wote wawili wakajua ni lake.

Hakimu akamuuliza kwa nini hakuisema habari hii mapema.

"Sikuulizwa, Mheshimiwa. Niliulizwaga habari za betri."

Msomaji wa mbali huenda akashangaa kwa nini ukumbi mzima ulinyamaza. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali chungu kimoja, mmoja hakalii kiti cha mwenzake. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Na mama mdogo wa mke ni mama mkwe vilevile, hapunguzwi kwa neno mdogo. Si chuki. Ni namna ya kusema, umenipa mtoto wako, nitakuweka juu. Vijana wa mjini wameyalegeza haya, wanapiga picha na wakwe zao, lakini vijijini kwetu bado ukwe una ukuta wake.

Tukarudi chumbani. Mzee mwenzangu sasa alikuwa amewaka zaidi ya mwanzo. Akasema kumwibia mkwe ni kosa lisilo na kifungo cha kulitosha, zamani mtu kama huyo angesafishwa kwa mbuzi na bado watoto wangemnyooshea kidole. Hakimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, shtaka lililoletwa kwetu ni kuvunja duka na kuiba. Ukwe haumo kwenye shtaka. Siwezi kumwongezea kwa ajili yake."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi mahakama haiwezi kuamuru."

"Basi hiyo niachieni mimi," akasema mzee, na hakuwa anatania.

Hakimu akageukia dirisha. Alisema jambo ambalo nimelirudia kwa wanangu wote. "Nilikuwa karibu kumwadhibu mtu kwa adabu yake. Nimeona mgongo nikasema ni kiburi. Nimeona khanga nikasema ni hofu. Vyote viwili vinatoka kwenye mizani." Halafu akatuuliza, huku kwetu mtu akiwa na neno zito kwa mkwe wake, analisemaje?

Mzee akajibu kwamba anamtuma mtu. Au, kama neno ni lake mwenyewe kabisa, anasema na ukuta, mkwe akiwa upande wa pili.

"Ukuta tunao," alisema hakimu.

Karani akatoa kiti nje, akakiweka chini ya dirisha la ukumbi, upande wa uani. Mama mwenye duka akaketi hapo, mgongo ukutani. Kutoka mahali pangu niliona ncha ya khanga yake tu. Ndipo hakimu akamwambia fundi kwamba mahakama inamuuliza tena swali lile, na hakuna ndani ya ukumbi mtu asiyeweza kumtazama.

Fundi aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza niliuona vizuri uso wake, uso wa mtu wa ziwani aliyeungua jua, mwenye kovu la patasi kidoleni. Akageukia ukuta wenye dirisha, akasema nao kwa Kiswahili chetu cha huku, polepole.

Alisema duka alilivunja yeye na mwenzake aliyekimbilia asikokujua, na mtaimbo aliushika yeye. Alisema alikuwa amechoka kutengeneza mitumbwi ya watu, alitaka taa zake mwenyewe ili na yeye ashuke majini kama mwenye chombo. Taa zilizobaki ziko kisiwani Rukuba, kwenye kambi ya wavuvi, kwa watu wasiojua kwamba ni za wizi, naye ataonyesha. Siku ile alikana kwa sababu alidhani hawatamweza. Baada ya kujua duka ni la nani, alitaka kukiri, lakini kila alipoletwa mahakamani yule ambaye yeye alipaswa kumheshimu alikuwa amekaa ndani, na mdomo ukakataa.

"Naomba huyo aliye nyuma ya ukuta ajue," alisema, "ningejua ni duka lake nisingeligusa."

Hakimu hakumwacha apite na hilo. "Na lingekuwa la mtu mwingine?"

Niliona mzee mwenzangu amesogea mbele kwenye kiti. Hapa, nilijua, ndipo jambo lote lilipokuwa, maana mtu anaweza kumwogopa mkwe na asijute wizi.

"Hapo ndipo kosa langu lilipo, Mheshimiwa," fundi akasema. "Sikuwaza kwamba kila mlango ni wa mkwe wa mtu."

Hakuna aliyecheka. Nje ya dirisha kiti kikalia kidogo, na sauti ya mama ikaja, haikuwa kubwa.

"Nimesikia."

Hakimu akaahirisha adhabu. Akamwagiza afisa wa huduma kwa jamii aende kijijini kwa fundi akaulize habari zake, akataka polisi waende kisiwani wakaone kama maneno ni ya kweli. Watu waliokuwa wamekuja kuona mtu akifungwa waliondoka wakinung'unika. Walitaka mkate uive kabla ya moto.

Boti ilipotoka Rukuba ilileta taa zote isipokuwa moja, ambayo wavuvi wa kambini walisema imezama na mtumbwi wao. Betri nazo zilipatikana, kila moja na rangi yake ya kucha. Afisa akatueleza kwamba fundi hakuwa na rekodi ya kosa. Kijijini walimtaja kama mtu wa kazi, mchoyo kidogo, asiyelewa. Mke wake alikuwa bado nyumbani kwake, akisubiri amwone ndipo ajue amwambie nini.

Asubuhi ya kutoa adhabu tuliketi tena chumbani, sauti tatu. Mimi nilisema afanye kazi ya jamii, arudishe na taa iliyozama. Nilieleza sababu: kosa la kwanza, mali imerudi kwa mkono wake, hakuna aliyeumizwa, na sheria ya zamani ya watu wa Mungu nayo ilimtaka mwizi kurudisha kabla ya kitu kingine. Hakimu alikuwa anaelekea huko, lakini usiku ule, mlango ule na mtaimbo ule vilimrudisha nyuma. Alisema duka likivunjwa usiku mji mzima unalala vibaya, na mahakama lazima iuonyeshe mji kwamba imeona. Kwa hiyo sauti ya mzee ndiyo iliyobaki, na mimi nilijua itaangukia wapi. Nikaanza kujiandaa moyoni kwa gereza.

Mzee akakohoa. "Gerezani atapumzika," akasema.

Tukamtazama.

"Atapumzika mbali na macho. Atakula, atalala, atarudi akisema deni limekwisha. Mwacheni nje. Mwacheni alime na apige misumari hapa hapa Butiama, mji ambao mkwe wake anapita. Kila siku aamke akijua anaweza kumwona. Nyinyi wasomi mnaita hiyo huruma. Mimi naiita adhabu."

Binti yule wa Pwani alimtazama mzee wa ng'ombe, akacheka hadi akavua miwani. Lakini akarudi kwenye kazi yake upesi. Akasema adhabu si ya kumdhalilisha mtu, na yeye hataiandika kwa sababu hiyo. Hata hivyo anakubali kwamba kazi itakayoonekana na mji ndiyo itakayoujibu mji.

Nikauliza, "Na mama? Tukimweka fundi mbele ya duka, mama atapita wapi? Yeye ndiye atakayeingia majanini kila asubuhi, na hakuiba kitu."

Hakimu akasema aulizwe mwenyewe. Karani akatoka, akarudi na jibu: "Mama anasema mmpeleke mahali ambapo yeye hupita akiumwa tu."

Ndivyo zahanati ilivyopata fundi.

Siku hiyohiyo, kabla yake, tulimpeleka gerezani mtu mwingine aliyeingia nyumba ya watu usiku, watoto wamelala, panga mkononi, na hakuwa mgeni wa makosa hayo. Ndugu zake walikuwa bado wamesimama uani waliposikia fundi anapewa kazi ya jamii, wakapiga kelele kwamba sheria ina macho mawili. Hakimu angeweza kuwafukuza. Badala yake, alipokuwa anasoma adhabu ya fundi, aliisoma taratibu na kwa sauti ya kutosha uani. Akataja kilichomlemea: usiku, mlango, mtaimbo, kukana kwa mwanzo. Akataja kilichompunguzia: duka tupu, kosa la kwanza, mali iliyorudi, maneno aliyoyasema. Akataja kwamba asipofanya kazi hiyo kama ilivyoamriwa, gereza liko palepale. Hakutaja ukwe hata mara moja. Nilitazama uani nikamwona mmoja wa wale ndugu anaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu asiyoipenda lakini imejumlishwa sawa.

Nimeketi chini ya wahubiri wengi wazuri. Sijui kama nimewahi kusikia haki ikielezwa hivyo, mbele ya waliofurahi na waliokasirika, kwa maneno ambayo hata muuza karanga aliyekuwa mlangoni aliyaelewa. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimenyoosha mgongo ambao daktari anasema haunyooki tena.

Fundi alianza zahanati kwa kufyeka. Muuguzi mkuu alipogundua mkono wake unajua mbao, akampa milango isiyofunga, kisha vitanda, kisha mabenchi ya wagonjwa yaliyokuwa yamelegea miguu. Alitengeneza mabenchi kama anavyotengeneza mtumbwi, mbao zimebanana bila nafasi ya maji kupita, na wagonjwa wakasema sasa mtu anaweza kuumwa kwa raha. Mzee mwenzangu naye alitimiza neno lake. Alikwenda ufukweni, akazungumza na ukoo wa fundi, na mbuzi akapelekwa nyumbani kwa dada yake mama mwenye duka, Musoma, ambako mambo ya ukoo humalizwa. Mimi sikwenda. Niliambiwa nyama ilikuwa nzuri na mzee alikula kuliko wenye shughuli.

Alipomaliza adhabu, afisa alikuja kutuambia kwamba hakukosa siku. Hakimu akaandika, akafunga faili, akatutazama sote wawili. Mzee akagonga sakafu kwa fimbo yake mara moja, kama ambavyo yeye hufanya ng'ombe wake akizaa salama.

Msimu wa mvua uliofuata nilikwenda zahanati kwa ajili ya magoti. Kwenye benchi refu nikamkuta mama mwenye duka ana malaria, khanga mabegani, uso wazi. Nikaketi kando yake. Baada ya salamu sikuweza kujizuia. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama anajua benchi hilo limetoka mkononi mwa nani, maana kwetu mama mkwe hakalii kiti cha mkwe wake.

Alilipapasa benchi pembeni, pale mbao zilipounganika.

"Amelitengeneza, mama," alisema. "Hajalikalia."

Akasogea kidogo ili ninyooshe magoti yangu.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu aubariki mlango wako, usivunjwe. Aubariki mkono wako, usivunje wa mwenzako. Na kama siku moja utasimama mbele ya watu wanaokupima, akupe wa kukuuliza kwa nini umesimama hivyo, kabla hawajaandika. Amina.